Ripoti Ikisema "Hakuna", Uliza Wametafuta Mpaka Wapi

Haya ni maneno niliyoongea na familia za wagonjwa wa saratani ya damu waliopandikizwa uboho na wale wanaosubiri kupandikizwa. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, maana wengi waliomba.

Shikamooni wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana wenzangu habari za asubuhi, poleni na uuguzi. Niseme mapema kwamba mi sio daktari, mi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni kukaa na damu na uboho wa watu ambao sura zao sizijui, najua namba tu iliyoandikwa kwenye chupa. Kwa hiyo sitawaambia mmeze nini wala muache nini, hayo ni ya daktari wako. Nataka tuongee kuhusu karatasi.

Karibu kila familia iliyorudi kutoka India baada ya upandikizaji ina ile bahasha kubwa ya hospitali, na ndani yake kuna karatasi yenye mhuri na chini kabisa kuna mstari unaosema masalia ya ugonjwa hayajaonekana, mara nyingi wameandika herufi tatu tu, MRD, alafu neno la kukataa. Watu wanaupiga picha mstari ule wanautuma kwenye grupu la ukoo, na wote wanajibu alhamdulillah, Mungu ni mwema, ameen, na ni haki yao kabisa, maana mpaka kufika pale kiwanja kimeshauzwa, michango imepita mpaka kwa watu msiowajua, mtu amekaa Vellore au Chennai miezi anakula chakula ambacho hakijui na nywele zimeisha kichwani. Furahini. Ila mstari ule una nusu ya pili ambayo haikuandikwa, au imeandikwa kwa herufi ndogo hakuna anayeisoma. Nusu ya pili inasema: hayajaonekana, kwa kipimo hiki, kwa sampuli hii, mpaka kina hiki. Usiposoma hiyo nusu unaweza ukakaa nyumbani miezi nane bila kupima ukiamini mambo yameisha, na ndo miezi yenyewe ambayo ugonjwa ukirudi unarudi.

Tuanze na hesabu, msiogope, ni ndogo. Mtu anapogundulika na lukemia kali, yaani saratani ya damu inayokwenda haraka, mwili wake unaweza kuwa na seli za saratani kama trilioni moja. Anapigwa kemo, uboho unapimwa tena, mtu wa hadubini anaangalia kioo chake, akikuta seli changa mbovu ziko chini ya asilimia 5 na damu imeanza kupanda, daktari anasema mgonjwa yuko kwenye remisheni. Kwa hadubini yuko salama. Lakini mgonjwa huyohuyo anaweza akawa amebakiwa na seli mbovu mpaka bilioni 10 na hakuna jicho la binadamu litakaloziona pale kwenye kioo, kwa sababu zimetawanyika kati ya seli nzima nyingi mno, alafu zenyewe zinafanana na seli changa za kawaida. Bilioni 10 na mgonjwa anatembea, anakula ugali, HB imepanda, kila mtu anasema amenawiri.

Chukueni mchele, kilo moja ina punje kama elfu 40 au 50 hivi. Hadubini ni sawa na mtu anayechota kiganja kimoja, kijiwe akikiona sawa, asipokiona anasema mchele msafi. Kipimo cha flosaitometri kikifanywa vizuri kinaona seli moja mbaya kati ya 10,000, yaani vijiwe vinne au vitano ndani ya kilo nzima. Kile cha kusoma DNA kwa mashine mpya kinaweza kufika seli moja kati ya milioni, kijiwe kimoja kwenye kilo 20 na zaidi. Wote watatu wakikosa kijiwe wataandika neno lilelile, hakuna. Umeona sasa tofauti ya "hakuna" na "hakuna"?

Kabla sijaenda kwenye vipimo nirudi nyuma kidogo kwenye historia, maana watu wengi wanadhani kupandikiza uboho ni kung'oa mbovu na kuweka mpya, kama ni hivyo tu basi masalia yasingekuwa ishu. Mtu aliyeanzisha haya mambo ni daktari Mmarekani E. Donnall Thomas, alianzia Cooperstown kwenye jimbo la New York, akachapisha majaribio yake ya kwanza kwa binadamu mwaka 1957, wagonjwa sita, na hakuna aliyeishi muda mrefu. Mwaka 1959 akatoa taarifa ya wagonjwa wa lukemia ambao kila mmoja alikuwa na pacha wake wa kufanana kabisa. Pacha wa kufanana ndo mchangiaji ambaye ungedhani hakuna bora zaidi yake, mwili haumkatai. Wakapigwa mionzi mikali, wakawekewa uboho wa pacha, uboho ukashika, damu ikarudi. Na baada ya miezi michache lukemia nayo ikarudi. Thomas hakuacha, akahamia Seattle, mwaka 1977 wakachapisha wagonjwa 100 ambao dawa zote zilikuwa zimeshindikana na 13 kati yao walikuwa hai bila ugonjwa, na mwaka 1990 akapewa Nobel. Mwaka huohuo wa 1990 ndo ikachapishwa tathmini kubwa ya takwimu za kimataifa ikaonyesha wazi kwamba waliopewa uboho wa pacha wa kufanana ugonjwa unawarudia zaidi kuliko waliopewa wa ndugu wa kawaida aliyelingana. Maana yake seli za ndugu yako, kwa kuwa ni tofauti kidogo na wewe, zinaziona zile za saratani kama wageni na kuziwinda. Kemo na mionzi havimalizi kila kitu, vinapunguza, alafu zile zilizobaki zinaachiwa kinga ya mchangiaji.

Kwa hiyo siku mgonjwa anatoka chumba cha kutengwa kuna kazi bado inaendelea ndani yake. Kupima masalia ni kuuliza hiyo kazi imefikia wapi.

Sasa hapa kuna kitu kinachanganya familia nyingi sana na naomba mnisikilize vizuri. Kuna karatasi nyingine inayosema "asilimia 100 ya mchangiaji". Hiyo inaitwa kaimerizimu. Wanalinganisha DNA ya damu ya mgonjwa na DNA ya mchangiaji na DNA ya mgonjwa ya kabla ya kupandikizwa, wanaona sasa hivi damu inayozalishwa ni ya nani. Ni kipimo kizuri na cha lazima, kinakuambia uboho umeshika, na kikianza kushuka mfululizo, leo 100, mwezi ujao 96, mwezi mwingine 90, hiyo ni kengele. Hata kundi la damu hubadilika, mtu alikuwa O kaka yake ni A, baada ya muda na yeye anakuwa A, mtoeni wasiwasi mtu wa benki ya damu akishangaa. Lakini kaimerizimu ya kawaida haioni kitu kilicho chini ya asilimia 1, nyingine mpaka asilimia 5. Asilimia 1 ndugu zangu ni seli moja kati ya mia! Kwa hiyo "100" ile haimaanishi lukemia imeisha, inamaanisha wamepima kwa kipimo kisichoona chini ya hapo. Ukiwa na karatasi ya kaimerizimu peke yake, bado hujapima masalia.

Vipimo vyenyewe vya masalia viko vya namna tatu hivi. Cha kwanza ni flosaitometri, hiki ndo nilichokaa nacho zaidi. Unachukua seli za uboho, unazipaka antibodi zenye rangi zinazong'aa, kila antibodi inashika alama yake kwenye ngozi ya seli, alafu seli zinapita moja moja mbele ya leza na mashine inasoma kila moja imevaa alama gani. Seli ya lukemia mara nyingi inavaa alama zisizokaa pamoja kwa seli nzima, au imevaa alama ya utoto na ya utu uzima kwa wakati mmoja. Ukiwa na kazi nzuri unasoma seli laki 5 mpaka milioni moja kwa mgonjwa mmoja, ukisoma elfu 50 tu huwezi kusema umefika kina cha moja kwa 10,000, hesabu haikubali, maana hapo ungetegemea kuona seli mbaya tano tu na hazitoshi kuamulia. Ndo maana nawaambia muulize wamesoma seli ngapi, ripoti nzuri imeandika.

Ugumu wake baada ya kupandikizwa ni kwamba uboho mpya ukiwa unaamka unatoa seli B changa, aina ya limfosaiti yaani seli nyeupe za kinga, kwa wingi mno, na hizi kwa mtu asiyezoea zinafanana sana na lukemia ya ALL, ile kali ya limfosaiti, kwa mtoto ndo zaidi. Msomaji asiye na uzoefu anaweza akaandika chanya akaua familia kwa presha wakati ni uboho unajijenga. Na kinyume chake kipo, mgonjwa aliyepewa dawa inayolenga alama ya CD19, mfano blinatumomabu, seli mbovu zinaweza kuvua hiyo alama kabisa, sasa maabara ikitafuta kwa CD19 tu haitaona kitu. Lazima fomu ya maabara iandikwe mgonjwa amepewa nini. Ile fomu mnayoiona nesi anaijaza haraka haraka ina kazi, kama daktari amesahau kuandika dawa mkumbusheni kwa adabu.

Cha pili ni PCR, jina mlilizoea kipindi cha korona. Kary Mullis aliibuni mwaka 1983, na ubunifu wake ni wa kuzidisha, kipande kimoja cha DNA kinakuwa viwili, vinakuwa vinne, ukirudia mara 30 una zaidi ya bilioni. Kwa hiyo kama saratani ina kipande chake maalum ambacho seli nzima haina, PCR itakitoa mafichoni. Mfano unaojulikana kuliko wote ni ule wa CML, lukemia ile inayokwenda polepole. Mwaka 1960 Nowell na Hungerford pale Philadelphia waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida kwenye seli za wagonjwa hawa, mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba kromosomu namba 9 na namba 22 zimebadilishana vipande, na pale vilipoungana imezaliwa jeni mpya, BCR-ABL. Hiyo BCR-ABL ndo alama inayotafutwa. Kwenye AML, lukemia kali isiyo ya limfosaiti, kuna jeni ya NPM1 iliyobadilika, iko kwa karibu theluthi ya watu wazima wenye AML, na kuna PML-RARA kwa ile aina ya AML inayoitwa APL. Ila sio kila mgonjwa ana alama ya namna hii, na hapo ndo inakuja ya tatu.

Ya tatu ni kusoma mfuatano wa DNA wenyewe. Kwenye ALL kila ukoo wa seli mbaya una mpangilio wake wa jeni za antibodi ambao hauko kwa mtu mwingine yeyote, unajulikana siku ya kwanza, alafu unautafuta huohuo mpaka seli moja kwa milioni. Tatizo ni hilo neno "siku ya kwanza". Lazima iwepo sampuli ya wakati ugonjwa umejaa ili ujue unatafuta nini! Nimeona, na inaniuma mpaka leo, mgonjwa amefika mbali, amepandikizwa, daktari anataka amfuatilie vizuri, na sampuli ya mwanzo haipo popote, hospitali ya kwanza ilipima, ikaandika "lukemia", basi, hakuna aliyetunza. Mnaosubiri kupandikizwa, hili ndo la kufanya wiki hii: ulizeni sampuli ya siku ya kugundulika iko wapi, kama ni vile vioo tu vya uboho basi viombeni, DNA inaweza ikatolewa hata humo, na ripoti ya jeni iliyofanyika mwanzo iwe kwenye simu zaidi ya moja.

Kwenye AML kuna mtego mwingine wa kusoma DNA. Kuna mabadiliko ya jeni kama DNMT3A, TET2 na ASXL1 yanayotokea kwenye damu ya watu wazima wengi wasio na saratani, umri tu. Baada ya kupandikizwa yakionekana inawezekana kabisa yametoka kwa mchangiaji, hasa kama mchangiaji ni mzee. Kwa hiyo ukiona ripoti ina hayo majina msianze kulia kabla daktari hajaangalia mchangiaji naye ana nini.

Sasa sampuli. Hapa ntakaa kidogo kwa sababu ni kitu kidogo kinachoharibu kazi kubwa. Sindano inapoingia kwenye mfupa wa nyonga, mvuto wa kwanza unatoa uboho wenyewe. Mvuto wa pili na wa tatu unakuja na damu ya kawaida nyingi, uboho unachujuka. Miongozo ya Ulaya inasema mvuto wa kwanza uende kwenye kipimo cha masalia. Lakini mazoea ya sehemu nyingi ni ule wa kwanza unamwagwa kwenye vioo vya hadubini, kinachobaki ndo kinatumwa kwetu. Tunapata damu, tunasoma, hatuoni kitu, na mtu anaandika hakuna. Mwandishi wa ripoti mwaminifu ataongeza kwamba sampuli imechanganyika na damu. Mtafuteni huo mstari. Na mgonjwa anayekwenda kutolewa uboho ana haki ya kusema, daktari samahani, ule mvuto wa kwanza naomba uwe wa MRD. Hakuna daktari mzuri atakayekasirika.

Joto nalo. Seli za flosaitometri zinatakiwa ziwe hai, siku mbili tatu basi, na RNA ya PCR inaharibika haraka zaidi. Chupa iliyoshinda juu ya meza mchana wa Dar mwezi wa pili bila mtu kuigusa inaweza ikatoa jibu la uongo, na jibu la uongo la sampuli iliyoharibika mara nyingi linaegemea upande wa "hakuna". Ndo maana maabara nzuri inapima pia jeni la kawaida ambalo lazima lionekane, likionekana dhaifu wanasema sampuli haifai, rudini. Kuambiwa mrudi inachosha lakini afadhali hiyo.

Haya, tuseme imeonekana. Chanya. Nini kinafuata?

Kwanza, chanya moja haijawa ugonjwa kurudi. Seattle waliwafuatilia wagonjwa 346 wa CML waliopandikizwa wakachapisha mwaka 1995. Waliokutwa na BCR-ABL miezi mitatu tu baada ya kupandikizwa, ile haikusema chochote kuhusu mbele, maana seli zinachukua muda kufa na kinga mpya ilikuwa bado inafanya kazi. Lakini waliokutwa nayo mwezi wa sita au wa kumi na mbili, asilimia 42 ugonjwa uliwarudia, ukilinganisha na asilimia 3 ya wale waliokuwa hasi. Kipimo kilekile, mwezi tofauti, maana tofauti kabisa. Kwa hiyo kikitoka chanya daktari karibu siku zote atarudia baada ya wiki chache, anaangalia inapanda au inashuka. Namba mbili zina thamani kuliko namba moja, tatu ndo bora zaidi, na ndo maana mtu asiyepima kwa ratiba anamnyima daktari wake macho.

Pili, kuna vitu vya kufanya, na hii ndo sababu nzima ya mimi kusimama hapa. Kama mgonjwa bado yuko kwenye saiklosporini au takrolimasi, zile dawa za kutuliza kinga, daktari anaweza kuipunguza mapema ili kinga ya mchangiaji iachiwe ifanye kazi, kwa tahadhari maana ikiachiwa sana inashambulia ngozi, tumbo na ini, ile GVHD mnayoijua. Au mchangiaji anaitwa tena anatoa limfosaiti, mgonjwa anaongezewa. Hiyo ilianzia Munich, Hans-Jochem Kolb na wenzake, mwaka 1990 walionyesha CML iliyorudi ikiondoka kwa limfosaiti za mchangiaji. Kwa AML kuna dawa ya azasitidini, Wajerumani waliijaribu kwa watu ambao masalia yameonekana lakini ugonjwa haujarudi, 53 walitibiwa, wengine wameshapandikizwa wengine hapana, na baada ya miezi sita asilimia 58 ugonjwa ulikuwa bado haujarudi. Kwa ALL ya seli B kuna ile blinatumomabu, na mwezi wa tatu 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu itumike mahsusi kwa mtu ambaye kwa hadubini ni mzima ila ana masalia, ilikuwa mara ya kwanza dawa kupewa kibali kwa sababu ya masalia tu. Bei yake inatisha, sitawadanganya. Lakini kupunguza dawa ya kinga na kumwita kaka atoe damu tena, hivyo vinawezekana. Vyote vinafanya kazi vizuri zaidi seli zikiwa chache. Ukisubiri mpaka homa, michubuko na fizi kutoka damu, seli zimesharudi kuwa mabilioni mengi na njia zimepungua sana.

Na hapa niseme neno kwa ndugu waliochangia, na kwa mashemeji na mawifi wote. Ugonjwa ukirudi nimesikia watu wanasema kwenye familia "damu yake haikufaa", au "alitoa kwa kinyongo". Acheni kabisa. Seli za saratani zina ujanja wa kisayansi uliothibitishwa, watafiti wa Milan mwaka 2009 walionyesha kwamba kwa wagonjwa waliopewa uboho wa ndugu anayelingana nusu tu, lukemia inaweza ikatupa ile nusu ya HLA, zile alama zinazotumika kulinganisha mgonjwa na mchangiaji, ambayo seli za mchangiaji zilikuwa zinaitumia kuitambua, inabaki na nusu inayofanana na ya mchangiaji, sasa seli za mchangiaji zitaikamata vipi. Mama aliyemchangia mwanae hana kosa hapo. Ila mchangiaji ajue tangu mwanzo kwamba anaweza kuitwa tena, asibadilishe namba ya simu akapotea, na kama yuko mbali paspoti yake iwe hai.

Hasi nayo isiwalevye. Mwaka 2023 kwenye jarida la JAMA ulitoka utafiti wa Marekani, wagonjwa zaidi ya 1000 wa AML walipimwa damu kabla tu ya kupandikizwa, wote kwa hadubini walikuwa remisheni. Waliokutwa na masalia ya NPM1 au ya alama nyingine ya jeni iitwayo FLT3-ITD, ndani ya miaka mitatu asilimia 68 ugonjwa uliwarudia. Ambao hawakukutwa na kitu, asilimia 21. Tofauti kubwa mno, na bado mmoja kati ya watano wa wale "hakuna" ulimrudia. Halafu ALL inaweza kujificha kwenye maji ya uti wa mgongo au kwenye korodani wakati uboho ni msafi kabisa, kwa hiyo kijana akiona uvimbe kule chini asione aibu, aseme, na kichwa kinachouma kila siku kisemwe.

Sasa ninyi mliorudi nyumbani. Kwetu hapa upandikizaji umeanza, Muhimbili walianza mwaka 2021 kwa wagonjwa wa mayeloma, saratani nyingine ya uboho, kwa kutumia seli zao wenyewe, Benjamin Mkapa pale Dodoma wanapandikiza watoto wa sikoseli, na nina imani siku ya lukemia itafika. Kwa sasa wengi wa lukemia wanakwenda India wanarudi, na hatari iko kwenye kurudi. Kule walikuwa wanapimwa kila mara, huku mtu anapata FBC tu, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu, nyeupe ziko sawa, anaambiwa uko vizuri. FBC haioni masalia hata kidogo, ndo kipimo cha mwisho kabisa kushtuka.

Wa CML mna bahati moja. Ile mashine ya GeneXpert inayopima TB ina katriji yake ya BCR-ABL, damu ya mkononi tu, hakuna kuchomwa mfupa, jibu siku hiyohiyo. Mashine zimejaa nchi nzima, kinachotakiwa ni katriji, kwa hiyo ulizeni kliniki yenu kama wanayo na kama hawana nani anayo. Wengine inabidi sampuli isafiri, na hili lipangwe kabla hujapanda ndege ya kurudi sio baada. Muulizeni daktari wa kule akiwa bado mbele yenu: alama ya mgonjwa wangu ni ipi, inafuatiliwa kwa damu au lazima uboho, kila baada ya muda gani, kina cha kipimo chenu ni ngapi, na nikituma kutoka Tanzania iwe kwenye chupa ya kofia rangi gani na ifike ndani ya saa ngapi. Aandike, asaini. Kwa AML mwongozo wa Ulaya unazungumzia uboho kila miezi mitatu au damu kila wiki nne mpaka sita, kwa miaka miwili, maana sehemu kubwa ya ugonjwa kurudi inatokea humo. Najua gharama. Kama pesa haitoshi kwa yote msikate ratiba kimyakimya, mwambieni daktari mnaweza mara ngapi, ye ndo achague miezi ipi ni ya muhimu zaidi, na mkichanga kwa ajili ya upandikizaji mchange na ya vipimo vya miaka miwili humohumo kwenye bajeti, iwe kwenye karatasi ileile ya kamati.

Ripoti zote ziwekwe kwa mpangilio wa tarehe, na kipimo kiwe cha maabara ileile kadri inavyowezekana, maana flosaitometri ya hapa na PCR ya kule hazilinganishwi namba kwa namba. Mwenye ripoti mkononi aje nayo meza ile ya pembeni tuisome pamoja, na kama mstari wa "hakuna" hauna kina wala idadi ya seli, tutaandika imeili kwa maabara iliyopima hapahapa, wana wajibu wa kujibu.